Kusikiliza Hufundishwa: Maoni Juu ya Muziki wa Selo na Piano Darasani

Katika shule za msingi hakuna amri itolewayo mara nyingi kuliko hii: "Sikilizeni!" Mwalimu huitoa asubuhi, huirudia mchana, na aghalabu huondoka darasani akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasikilizi. Lakini tukiuliza ni katika kipindi gani watoto hao walifundishwa kusikiliza, jibu huwa gumu kupatikana. Kusoma kuna vitabu vyake, kuandika kuna madaftari yake, na kuhesabu kuna vijiti na mbegu zake. Kusikiliza peke yake ndiko kunakodhaniwa kuwa mtoto huja nako kutoka nyumbani, kama ajavyo na masikio yake.

Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Tunaamini kwamba kusikiliza ni stadi, na kila stadi huhitaji zana, hatua na mazoezi. Katika makala haya tunakusudia kutetea zana moja ambayo huenda wanachuo wengi wakaishangaa, nayo ni muziki wa selo na piano uliotungwa Ulaya katika enzi ya Kiromantiki, ambayo baadhi ya wahakiki wa fasihi huiita ya ulimbwende, hasa katika karne ya 19. Tunakusudia pia kupinga njia moja ya kufundishia muziki wa namna hiyo, njia iliyozoeleka mno na ambayo, kwa maoni yetu, humzuia mtoto kusikiliza badala ya kumsaidia.

Ala mbili, sauti mbili

Selo ni ala ya nyuzi nne, ya jamii moja na fidla, ila ni kubwa zaidi. Mpigaji huketi, akaishika kati ya magoti yake na kuzisugua nyuzi kwa upinde. Wapenzi wa taarabu ya Unguja si wageni wake, kwani vikundi vikubwa vya huko vimeitumia pamoja na fidla, ganuni na udi. Sauti yake huanzia chini kwenye kimo cha besi ya mwanamume, ikapanda hadi kimo cha sauti ya mwanamke. Piano, kwa upande wake, ni ala ya vibonyezo 88. Kila kibonyezo kikigandamizwa huirusha nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa, nayo nyundo huzigonga nyuzi zilizomo ndani.

Katika tofauti hii ya kuzaliwa kwa sauti mna hazina kubwa ya mwalimu. Sauti ya piano huzaliwa na nguvu zake zote, kisha hufifia. Nyundo ikishagonga, mpigaji hana uwezo wa kuikuza tena. Sauti ya selo yaweza kuanza kama mnong'ono, ikakua, ikasimama, kisha ikapungua, yote hayo katika mvuto mmoja wa upinde. Mtoto wa Darasa la Tatu asiyejua hata noti moja aweza kuitambua tofauti hiyo. Anayo mifano yake tayari: kengele ya shule hulia kama piano, nayo filimbi ya mwamuzi wa mpira hudumu kama selo.

Idadi ya ala nayo ina faida yake. Okestra kubwa yaweza kuwa na wapigaji 80 au zaidi, na sikio changa hupotea humo kama mgeni sokoni. Ala moja pekee huimba bila kujibiwa. Zikiwa mbili, maswali ya msingi ya usikilizaji huzuka yenyewe. Nani anaongoza? Nani anasindikiza? Nani amejibu? Ni wakati gani wamebadilishana kazi? Mtoto anayeweza kuyajibu maswali haya juu ya muziki amejizoeza jambo lile lile tunalomtaka alifanye anaposikiliza mazungumzo, hadithi au maelezo ya hesabu: kufuata zaidi ya sauti moja bila kuzichanganya.

Muziki huu ulitoka wapi

Baadhi ya walimu hudhani kwamba muziki wa namna hii ulitungwa kwa ajili ya kumbi za fahari na wasikilizaji wenye elimu ya pekee. Historia haiungi mkono dhana hiyo moja kwa moja. Mwaka 1838 Felix Mendelssohn aliitunga sonata yake ya kwanza ya selo na piano kwa ajili ya Paul, ndugu yake, ambaye alifanya kazi ya benki na kupiga selo kwa kujifurahisha. Johannes Brahms alianza kuitunga sonata yake ya kwanza, Opus 38, mwaka 1862, akaimaliza mwaka 1865. Aliitunukia Josef Gänsbacher, mwalimu wa uimbaji mjini Vienna, ambaye naye alikuwa mpigaji selo wa ridhaa. Robert Schumann alitunga Vipande vya Njozi, Opus 73, kwa siku chache za Februari 1849. Alivikusudia kwa klarineti na piano, lakini akaruhusu fidla au selo ishike nafasi ya klarineti. Naye Frédéric Chopin, ambaye karibu maisha yake yote alitungia piano peke yake, alitunga sonata ya selo, Opus 65, akiwa na rafiki yake Auguste Franchomme mawazoni. Waliipiga pamoja mjini Paris tarehe 16 Februari 1848, wakiiacha sehemu ya kwanza. Hilo lilikuwa onyesho la mwisho la Chopin katika mji huo, kwani alifariki Oktoba 1849.

Hatusemi kwamba huu ulikuwa muziki wa makabwela. Piano ilikuwa mali ya gharama, na nyumba zilizokuwa nayo zilikuwa za watu wenye uwezo. Tunachosema ni kwamba ulikuwa muziki wa watu waliokaa karibu, kaka na ndugu yake, mwalimu na rafiki yake, waliosikilizana ili wapate kupiga pamoja. Ukaribu huo umo ndani ya utunzi wenyewe, na ndio unaoufanya ufae darasani.

Yafaa pia wanachuo wafahamu kwamba Schumann aliwafikiria watoto kwa makusudi. Mwaka 1848 alitunga mkusanyo wa vipande vya piano kwa ajili ya vijana, akianzia na vichache alivyompa binti yake mkubwa, Marie, alipotimiza miaka saba. Mwaka 1850 alichapisha mashauri kwa wanafunzi wa muziki, na katika mashauri hayo jambo alilolitanguliza ni malezi ya sikio, si wepesi wa vidole. Alimtaka mtoto achunguze sauti za vitu vilivyomzunguka, kama vile kengele, kioo cha dirisha na ndege aliaye. Mtunzi huyo, mmoja wa wakubwa wa zama zake, aliona kwamba masomo ya muziki huanza kabla ya ala yoyote kushikwa. Hapo ndipo tunapotaka walimu wetu nao waanzie.

Njia ya hadithi na kasoro yake

Sasa tuitazame njia iliyozoeleka. Mwalimu huleta muziki darasani, na kabla haujasikika hutoa maelezo: "Sasa mtasikia mama anayemlilia mwanawe aliyepotea msituni. Sikilizeni anavyolia." Kisha muziki hupigwa. Mwishoni mwalimu huuliza, "Mmesikia nini?" nao watoto wote hujibu kwa sauti moja, "Mama analia!" Mwalimu hufurahi, na katika daftari lake huandika kwamba somo limefaulu.

Sisi twasema somo hilo halikufaulu, kwa sababu watoto wamerudisha kile kile walichopewa. Mtoto aliyeziba masikio angeweza kulitoa jibu lile lile. Waulizeni watoto hao ni ala gani iliyotangulia, au kama mahadhi yaliyosikika mwanzoni yalirudi mwishoni, nanyi mtaona wanatazamana. Hadithi imekaa mahali pa sauti. Jambo baya zaidi ni kwamba mtoto aliyesikia kitu kingine, ambaye kwake muziki ule ulikuwa tulivu au hata wa kuchekesha, amejifunza kwamba sikio lake ni la makosa na kwamba njia ya salama ni kungoja mwalimu aseme.

Mabishano juu ya jambo hili si mapya. Katika karne hiyo hiyo ya 19 wanamuziki wa Ulaya waligawanyika. Franz Liszt alitunga kazi za okestra zenye kufungamana na mashairi, hadithi na picha. Mhakiki Eduard Hanslick wa Vienna, katika kitabu alichokitoa mwaka 1854, alishikilia kwamba uzuri wa muziki umo katika sauti zenyewe na mwendo wake, si katika kisa kilichobandikwa juu yake. Hatuwalazimishi wanachuo kuchagua upande katika ugomvi huo. Muziki mwingine kweli ulitungwa pamoja na kisa, na kukificha kisa hicho kungekuwa udanganyifu. Lakini sonata ya Brahms tuliyoitaja haina kisa. Mwalimu anayeitungia kisa hafundishi Brahms. Anafundisha utungo wake mwenyewe na kuutumia muziki kama pazia.

Hatua tunazopendekeza

Tunapendekeza somo la dakika 20, ambalo muziki wenyewe hauzidi dakika tatu au nne kwa kila mzunguko. Sehemu ya tatu ya sonata ya Chopin, iitwayo Largo, yafaa sana, kwani ni fupi, ni ya polepole, na ala mbili huachiana mahadhi kwa zamu. Mwanzo wa sonata ya Brahms nao ni mzuri. Selo huimba chini kwa sauti nzito, nayo piano huitikia kwa migongo midogo inayoangukia kando ya pigo kuu, kisha baadaye piano yenyewe huyachukua mahadhi yale.

Katika maandalio, mwalimu ausikilize muziki peke yake walau mara tatu, akiandika kwa saa ni wakati gani ala gani inaongoza. Asiyefanya hivyo asiingie darasani, kwa maana hataweza kujua kama jibu la mtoto ni sahihi.

Katika mzunguko wa kwanza asitaje jina la muziki wala la mtunzi. Watoto wafumbe macho. Baada ya dakika moja asimamishe na kuulize swali moja tu: mmesikia ala ngapi? Asithibitishe wala asikanushe jibu lolote.

Katika mzunguko wa pili watoto wainue mkono wa kulia ala ya upinde inapoongoza, mkono wa kushoto piano inapoongoza, na mikono yote miwili wanapoona hakuna aliye mbele. Macho yabaki yamefumbwa, ili mtoto asinakili mkono wa jirani yake.

Katika mzunguko wa tatu yafuate mazungumzo. Kila mtoto asemaye jambo aulizwe, "Umejuaje?" Akisema muziki umekuwa na huzuni, aonyeshe ni wapi na ni nini kilichobadilika. Je, sauti ilishuka? Mwendo ulipungua? Piano ilinyamaza? Hapo hisia zake zinaheshimiwa, lakini zinadaiwa ushahidi. Mwishoni watoto wavumishe mahadhi ya mwanzo kwa midomo iliyofumbwa. Ni baada ya hayo tu ndipo mwalimu atakapotaja jina la mtunzi, nchi yake na mwaka wa utunzi. Maelezo ya historia huwa matamu zaidi yakimfikia mtu ambaye tayari ana la kuuliza.

Kwa madarasa ya juu twaweza kwenda mbali kidogo. Sehemu ya mwisho ya sonata ya Brahms huanzishwa na piano, kisha selo huingia na mahadhi yale yale huku piano ikiendelea na mengine. Watoto waliozoea nyimbo za kupokezana, ambazo kundi moja huanza na la pili hufuata nyuma, wataitambua mbinu hiyo bila taabu.

Pingamizi zinazotolewa

Pingamizi la kwanza ni kwamba huu ni muziki wa kigeni, na kwamba mtoto anapaswa kuujua kwanza muziki wa kwao. Tunalikubali nusu yake. Mtoto asiyeujua mdundo wa ngoma ya kijiji chake asipelekwe kwa Brahms, na mwalimu anayemfundisha kwamba muziki wa piano ni wa juu na marimba ni ya chini anatenda dhambi ya kitaaluma. Lakini zana si ibada. Stadi anayoipata mtoto kwa kufuatilia selo na piano ndiyo atakayoitumia kutenganisha ngoma kubwa na ndogo, au kusikia zeze linavyomjibu mwimbaji. Hatua zile zile zaweza kuanza na zeze na sauti ya mtu, na pale penye mpigaji wa zeze jirani na shule, tunasema aanze yeye. Muziki wa kigeni una faida moja ya ziada: mtoto hana maneno wala kumbukumbu za kumtangulia, kwa hiyo hulazimika kulitegemea sikio lake.

Pingamizi la pili ni upungufu wa vifaa. Ni kweli kwamba shule nyingi hazitaona piano wala selo, na kwamba onyesho la wapigaji walio hai ni nadra nje ya miji michache. Hata hivyo kanda iliyorekodiwa katika simu ya mwalimu yaweza kutosha kwa kuanzia, mradi mwalimu ajue mipaka yake. Uzi mzito kabisa wa selo hutetema mara 65 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuitoa barabara sauti nzito kiasi hicho. Mwanzo wa sonata ya Brahms ukipigwa kwa simu pekee, selo yaweza kusikika kama imejificha nyuma ya ukuta. Mwalimu atafute spika kubwa, au achague mahali ambapo selo huimba juu. Kumlaumu mtoto kwa kutosikia kile ambacho chombo hakikukitoa ni uonevu.

Ikitokea nafasi ya kuwapeleka watoto kwenye onyesho halisi, isipotee. Huko wataona kile ambacho kanda haikionyeshi, yaani jinsi wapigaji wawili wanavyotazamana, wanavyovuta pumzi pamoja kabla ya kuanza, na jinsi upinde unavyoinuliwa ili mwenzake ajue wakati umefika. Tungewasihi walimu wasiwatishe watoto kwa sheria za kupiga makofi. Desturi ya kunyamaza kati ya sehemu moja na nyingine imeshika nguvu baadaye. Katika siku za Chopin wasikilizaji walishangilia katikati bila aibu. Mtoto afundishwe desturi ya leo kwa upole, wala asichekwe akikosea.

Mtoto ambaye hasikii

Kuna sababu moja zaidi, na kwetu sisi ndiyo nzito kuliko zote. Katika zoezi la kuinua mikono, mwalimu mwenye macho atamwona mtoto mmoja au wawili ambao mikono yao huchelewa daima, au ambao hufumbua macho kwa siri na kutazama wenzao. Pengine mtoto huyo hajaelewa zoezi. Pengine amechoka au ana njaa. Lakini inawezekana pia kwamba hasikii vizuri, na kwamba amekuwa akiketi darasani mwaka mzima akiitwa mkaidi, mvivu au mjinga, akiadhibiwa kwa kosa la masikio yake.

Zoezi hili si kipimo cha hospitali, na mwalimu si daktari. Hata hivyo mwalimu aliyeona dalili hizo ana wajibu wa kufanya mambo matatu: kumhamishia mtoto huyo viti vya mbele, kuzungumza na wazazi wake, na kuwashauri wampeleke kwenye kituo cha afya akaangaliwe masikio. Somo la muziki likimwokoa mtoto mmoja tu kutoka katika adhabu asiyoistahili, litakuwa limelipa gharama zake zote.

Mwalimu na kifuniko cha piano

Husimuliwa kwamba Gänsbacher, alipokuwa akiipiga ile Opus 38 pamoja na Brahms mwenyewe, alilalamika kwamba piano ilivuma mno hata hakuisikia selo yake, naye Brahms akamjibu kwamba hiyo ni bahati yake. Ni mzaha, lakini tatizo linalotajwa ndani yake ni la kweli. Piano za karne ya 19 ziliendelea kupata nguvu, hasa zilipotiwa fremu ya chuma, na mpigaji piano asiyejizuia anaweza kuizamisha selo pasipo kukosea noti hata moja. Mpigaji mwema hupunguza uzito wa vidole au hushusha kifuniko cha ala yake, kisha hungoja zamu yake.

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha ajiulize yeye ni ala gani katika darasa lake. Sauti yake ni kubwa, maneno yake ni mengi, na cheo chake humpa ruhusa ya kusema wakati wowote. Aweza kumaliza kipindi kizima bila kosa, na sauti ya mtoto isiwe imesikika hata mara moja. Twawasihi basi walimu wa kesho waanze mahali padogo: kipindi kimoja kwa juma, dakika 20, muziki wa ala mbili, maswali yasiyo na jibu la kukariri. Na muziki unapolia, mwalimu naye afumbe mdomo asikilize pamoja na watoto wake.